Jiliwa Lililobarikiwa Kabla ya Kupimwa

Nakumbuka Jumapili moja nilipoingia kanisani nimebeba chuma begani, kama mchungaji aliyempata kondoo wake. Kilikuwa jiliwa, mwanangu, lile ambalo sisi watu wa Bukavu tunaliita eto: taya mbili za chuma, moja imesimama, nyingine inatembea kwa parafujo, na katikati yake unabana kile unachotaka kukichonga. Nilikuwa nimelifunga kwa kitenge kipya. Watu waligeuka. Mama mmoja wa kwaya alidhani nimeleta mtoto wa kuombewa, akanipisha kwenye benchi.

Nimelikumbuka kwa sababu yako. Juzi ulinionyesha picha kwenye simu. Umepata mashine ndogo ya kuchonga chuma, ile inayokaa juu ya meza nyumbani, kisu kinazunguka juu na bamba lake linatembea chini. Hongera. Sasa unatafuta jiliwa la bei nafuu la kufunga juu ya hilo bamba, na uliniuliza, "Papa, hii inafaa?" Nami nikakohoa, nikaulizia chai. Nilikuwa nakukwepa. Jibu lake ni refu, na kipande chake cha katikati kinanitia aibu mpaka leo. Lakini mficha uchi hazai. Kaa, nikuandikie lote.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne na meno yangu yote. Jina langu ni Murhula, lakini hapa sokoni Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, walikuwa wananiita Punguza. Muuza nyanya akiniona kwa mbali alikuwa anaongeza bei kwanza, ili tukishapunguza turudi pale pale. Mimi nilijua. Yeye alijua kwamba najua. Hiyo ndiyo heshima ya soko. Nilikuwa nahesabu kila kitu mara mbili: nyanya, chenji, misumari, hata ahadi za watu.

Mashine yangu niliipata Kanengo, kwenye viwanda vya Lilongwe, katika karakana moja ambako nilifanya kibarua msimu mzima wa tumbaku. Walikuwa wanaleta mashine kubwa, na ile ndogo ikawa inawazuia njia. Niliwasumbua mpaka wakaniuzia ili nisirudi tena. Nikavuta umeme kutoka kwa jirani mwenye kinu cha mahindi, kwa masharti kwamba yeye akisaga, mimi nalala. Ila iliuzwa bila jiliwa, kama baiskeli isiyo na tandiko. Mashine ya namna hiyo bila jiliwa ni pambo, maana kisu hakiwezi kuchonga kitu kinachocheza.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu alikaa Mzee Nyandwi, Mrundi, fundi wa baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria. Kwao alikuwa amefanya kazi kwenye karakana ya kiwanda cha chai miaka mingi, na hapa alikuwa amebaki na tupa nne na macho yake. Mtu mkimya. Hakuvuta sigara maishani mwake, lakini kila mwezi alikuwa ananunua karatasi za kusokotea sigara, zile nyembamba, na kanisani kulikuwa na watu wanaomwombea aache. Hakuwahi kujitetea. Karatasi zile zilikuwa kipimo chake.

Aliposikia nakwenda mjini kutafuta jiliwa, aliniita akanipa karatasi nne, amezikunja ndani ya kipande cha gazeti.

"Mwana wanje, beba hizi. Ukiona eto, weka chuma kilichonyooka ndani yake, karatasi chini ya kila pembe. Bana. Kisha vuta karatasi. Zikishikwa zote, nunua. Zikitoka, acha, hata wakikupa bure."

"Mzee, mi najua kununua."

"Ego, ndiyo. Unajua kununua," akasema. "Mi nazungumza juu ya kupima."

Nikaziweka mfukoni, nikacheka nilipofika kona. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika guu, niliharibu la mwenzangu, na hilo ni baya zaidi.

Pembeni mwa Mtandire, mtaa wa Lilongwe, kulikuwa na muuzaji wa vyombo vilivyotumika, Bambo Phiri, yaani Bwana Phiri, ametandaza bidhaa zake kwenye turubai. Zamani aliendesha lori mpaka Mbeya, kwa hiyo alikuwa na Kiswahili, Kiswahili chenye harufu ya dizeli. Siku hiyo alikuwa na majiliwa mawili. Moja lilikuwa dogo, fupi kwenda juu, jeusi kwa mafuta ya zamani, mpini wake umepotea. La pili lilikuwa kubwa, limepakwa rangi ya buluu, lina kitako kinachozunguka na mpini mrefu unaong'aa. Nililinyanyua, nikalitua. Lilikuwa zito. Mimi wakati huo niliamini chuma ni kama mbuzi: ukitaka kujua thamani yake, mnyanyue.

"Hili la buluu ni kiasi gani, bambo?"

Akataja. Nikauliza la dogo. Akataja bei iliyozidi ya lile kubwa.

"Dogo, bovu, halafu ghali?"

"La buluu ni la watu wakubwa, bwana," akasema. "Hili jeusi ni la mafundi."

Mwanangu, yule mtu aliniambia ukweli wote kwa maneno machache, bila kutoza chochote, nami nikasikia tusi. Nikaona anataka kunisukumia kidude chake chenye kutu. Nikashikamana na la buluu. Nilipunguza, nikaondoka, nikarudi. Nilipunguza tena, nikaondoka mpaka kwa muuza mandazi, nikarudi. Karatasi zilikuwa mfukoni, na sikuzisahau. Nilizigusa. Lakini nilifikiri: mimi mtu wa kanisa, nitoe karatasi za sigara mbele ya umati, watasema nini? Nikatoa mkono mtupu.

Mara ya tatu nilipotaja bei yangu, Bambo Phiri akasema, "Chabwino, sawa, chukua." Akalifuta vumbi yeye mwenyewe. Akaongeza na brashi.

Hapo ilinipasa kushtuka. Muuzaji akikubali kabla jasho halijamtoka, ujue umenunua shida yake. Lakini ushindi ni kama pombe ya jirani, humezwa bila kuulizwa imetengenezwa na nini. Nikarudi Dzaleka nikipiga mluzi. Mwenye kabaza aliyenitoa barabarani alinitoza nauli ya watu wawili, na nilipobisha akaniuliza kama yule mwenzangu wa buluu alikuwa anatembea kwa miguu. Nikalipa. Nilikuwa nimeshinda, mshindi hagombani na baiskeli.

Unajua desturi yetu. Mtu akipata kitu kikubwa, anakipeleka mbele ya kanisa siku ya Jumapili kufanya aksyo de grasi, anatoa shukrani na ushuhuda, mchungaji anaweka mkono, kwaya inaimba. Wengine huleta cherehani, wengine cheti cha shule. Mimi nilileta jiliwa. Tena niliupika ushuhuda wangu vizuri. Nilisimulia jinsi Mungu alivyoufunga mdomo wa muuzaji, jinsi nilivyoondoka mara mbili kama Waisraeli kuzunguka Yeriko, na bei ikaanguka. Watu walipiga makofi. Mchungaji akaweka mkono juu ya taya la chuma, akaomba liwe baraka kwa wote watakaolitegemea.

Kwenye benchi la nyuma Mzee Nyandwi hakupiga makofi. Alikuwa anaangalia mfuko wangu.

Jumatatu nikalifunga kwenye mashine. Kazi ya kwanza ya jiliwa lile ilikuwa kunila nafasi. Kati ya bamba na kisu nilikuwa na shubiri moja na vidole vitatu. Jiliwa na kitako chake cha kuzunguka likachukua shubiri yote. Nikabaki na vidole vitatu. Nilihesabu mara mbili, vikabaki vitatu. Nikajiambia, nitachonga vitu vifupi.

Na kitu cha kwanza kilikuwa kifupi kweli. Kilikuja mkononi mwa Mama Nsimire.

Huyo alikuwa mshonaji wetu, mama wa makamo kutoka Bukavu, kutoka Kadutu kwetu. Katika vita alitoka na vitu viwili: kichwa cha cherehani mgongoni, na jina lake la mshonaji. Miguu ya cherehani alitengenezewa hapa na seremala. Siku zile alikuwa amepewa kazi ambayo kambi nzima iliijua: kanzu thelathini na mbili za kwaya moja ya Lilongwe. Kitambaa kilikuwa cha kwaya, si chake. Zikitoka vizuri, angepata na kwaya nyingine mbili za mjini. Zikitoka vibaya, angelipa kitambaa, na lile jina alilolibeba kutoka Bukavu lingeishia hapa.

Cherehani yake ilikuwa imelika meno, yale yanayotokea chini ya sindano kusukuma kitambaa. Hayakupatikana dukani, cherehani ilikuwa ya zamani kuliko maduka yenyewe.

"Murhula," akaniambia, "nilisikia ushuhuda yako. Kama Mungu amekupatia eto, basi hata mi amenipatia. Unitengenezee ile kidude."

Nikachukua kipande cha chuma cha pua, nikakibana kwenye lile la buluu, nikakaza kwa mpini mrefu mpaka misuli ikasimama. Nikachonga taratibu, meno mawili mawili. Yakang'aa. Mama Nsimire aliyapapasa kwa kidole gumba akasema, "Aksanti, mutoto yangu," akaenda akiyafumbata kama pete.

Siku mbili baadaye nilikuwa nachonga kazi nyingine, chuma kirefu kidogo. Nilipokitoa na kukiweka juu ya kioo, kikayumba. Upande mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine. Nikakigeuza, nikachonga tena, kikayumba tena. Nikapima mara mbili. Mimi ni mtu wa mara mbili. Hapo nikajua. Nilipokuwa nakaza, taya linalotembea lilikuwa linainuka, linakinyanyua chuma upande mmoja. Mimi nachonga juu panyooke, kumbe chini pameinama.

Nikaufunga mlango, nikakaa juu ya ndoo. Nilifikiria yale meno ya Mama Nsimire. Halafu nikafikiria makofi ya Jumapili. Unaweza kumrudishia muuzaji kitu kibovu, ukagombana naye, mkamalizana. Lakini unarudishaje ushuhuda? Utasimama useme nini, kwamba baraka ilikuwa na kasoro?

Mama Nsimire akaja siku iliyofuata. Alikuwa amebeba kanzu moja.

"Angalia, mutoto. Ile kidude iko muzuri, inasukuma. Lakini nguo inakimbia ku kushoto. Naishika, inakimbia. Naivuta, inakimbia." Akaileta kanzu karibu na uso, kisha akaisogeza mbali. "Labda macho yangu njo imeanza kuchoka. Miaka makumi tatu na sindano, si muchezo."

Alikuwa ananiangalia. Mshono ulikuwa mkononi mwangu, umepinda kama njia ya ng'ombe.

"Inawezekana, Mama," nikasema.

Maneno mawili tu, mwanangu. Nimeyahesabu mara mbili, hayaongezeki, hayapungui. Katika maisha yangu nimesema uongo mrefu sokoni na Mungu ameshanisamehe, maana na yeye anawajua wauza nyanya. Lakini yale mawili bado nayasikia.

Akaenda. Baada ya siku chache nikamwona amevaa miwani ya mitumba, mikubwa, kioo kinene. Ilikuwa inamuumiza kichwa. Alikuwa anashona, anafumua, anashona, anafumua. Kitambaa kikianza kuonyesha matundu ya sindano, kinakuwa kimeharibika, hakina tena pa kwenda. Jirani zake walianza kusema kwa sauti ya huruma, ile inayokata kuliko kisu, kwamba Mama Nsimire amezeeka. Yeye mwenyewe akaanza kulisema. Nilikuwa napita njia ya nyuma ili nisione mlango wake.

Siku ya tisa tangu yale maneno mawili, Mzee Nyandwi akaja kwangu mchana, wakati kinu cha jirani kimenyamaza. Hakuketi.

"Karatasi zangu ziko wapi?"

Nikazitoa mfukoni. Zote nne, ndani ya kipande kile kile cha gazeti.

"Hazina hata mukunjo," akasema. "Basi tuzitumie."

Akachukua kipande cha chuma kilichonyooka, akakiweka ndani ya jiliwa la buluu, karatasi moja chini ya kila pembe, ncha zake zikitokeza nje. "Bana." Nikabana. "Kaza, kama ulivyokaza ya mama." Nikakaza. "Vuta."

Karatasi mbili za upande wa taya lililosimama zilishikwa. Zile mbili za upande wa taya linalotembea zilitoka bila kushikwa na kitu, kama barua kutoka bahasha.

"Unaona? Inaamka. Ukiibana, inanyanyuka kama mutu anayesalimia mukubwa."

"Najua, Mzee."

"Unajua?"

"Tangu juma lililopita."

Alizikusanya karatasi zake moja moja, akazilaza kwenye kiganja. Nilingoja anifokee. Ningefurahi kama angenifokea. Akasema polepole:

"Nimetoka kwa yule mama. Nimeweka kidole chini ya sindano. Upande mumoja uko juu, mwingine chini. Eto imeinua kile chuma unene wa karatasi tatu. Hiyo kosa ni ya eto. Lakini wewe, kwa siku tisa, umemuzeesha mama wa watu miaka kumi. Hiyo si ya eto." Akageuka mlangoni. "Kumushukuru Mungu ulikimbia. Sasa kimbia vilevile."

Nikakimbia. Nilimkuta Mama Nsimire anakunja kitambaa cha kwaya, kile ambacho hakijakatwa, anakipanga ndani ya mfuko. Alikuwa anakirudisha Lilongwe. Ile miwani iko usoni. Nilisimama mlangoni, na mimi Punguza, mwenye mdomo wa soko zima, sikupata pa kuanzia. Nikaanza na mwisho.

"Mama, macho yako ni mazima. Ni eto yangu. Haikubana sawa, na meno yakatoka yameinama. Nilijua siku uliyoleta kanzu. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshatoa ushuhuda."

Alivua miwani, akaiweka juu ya cherehani. Akachukua sindano ya mkono na uzi mweupe, akaunyoosha kuelekea mwanga wa mlango, na uzi ukapita tundu mara ya kwanza. Akautoa. Akaupitisha tena, mara ya kwanza tena. Ndipo akakaa kwenye kigoda, akajifunika uso na kitenge, na mabega yake yakatikisika. Sijui kama alikuwa analia au anacheka. Sikuthubutu kuuliza, na mpaka leo sijui.

Alipofunua uso alisema, "Siku ngapi?"

"Tisa, Mama."

"Njo zile nilikuwa nazeeka." Akaichukua miwani, akanipa. "Beba. Siku moja utaitaka. Na sasa enda, utafute eto ya kweli. Hawa batu ba kwaya banakuja kisha siku tano."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Niliuza redio yangu asubuhi iliyofuata, na sikubishana bei na mnunuzi, jambo lililomtia wasiwasi akaifungua kwanza kuona kama ina kitu ndani. Nikaenda Mtandire. Bambo Phiri alikuwa pale pale. Aliponiona akahesabu vidole vyake kama kalenda.

"Umechelewa, bwana. Mimi nilikupa siku tatu."

"La jeusi bado lipo?"

"Lipo. Nani atalinunua? Mafundi ni wachache."

Nikatoa karatasi nne za sigara mbele ya watu wote. Mtu mmoja akaniomba na tumbaku. Nikaweka chuma, nikaweka karatasi, nikabana kwa spana maana mpini haukuwepo, nikavuta. Moja, imeshikwa. Mbili, imeshikwa. Ya tatu ikachanika nilipoivuta, haikutoka. Ya nne vilevile. Nikarudia mara ya pili, na taya likiwa limefunguliwa zaidi, maana jiliwa linaweza kuwa mwaminifu likifumba na mwongo likifumbua. Zikashikwa. Nikashika taya linalotembea kwa mikono miwili nikalitikisa juu na chini. Kimya.

Akataja bei ile ile ya mwanzo. Nilifungua mdomo, nikamkumbuka Mama Nsimire na uzi wake, nikaufunga. Nikasimama tu. Bambo Phiri akangoja. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa vita na vita havikuja, maana baada ya muda akajikuna kichwa akapunguza mwenyewe. Zikomo, asante, nikamwambia, nikalipa. Ndiyo bei nzuri kuliko zote nilizowahi kupata, na sikuipigania.

Mzee Nyandwi alikuja kusimama nyuma yangu nilipokuwa nachonga upya. Meno yalipotoka aliyapitishia tupa pembeni, mara tatu nyepesi, akayaweka kwenye kioo. Hayakuyumba. Mama Nsimire alishona mshono mmoja kwenye kitambaa kibovu, akaunyanyua mlangoni kwenye mwanga. Ulikuwa umenyooka kama kamba ya mwashi. Jirani zake, wale wale wa huruma, walikuja kupinda mapindo kwa mkono bila kuitwa. Mjumbe wa kwaya alipofika alihesabu kanzu mara moja: thelathini na mbili. Mimi nilihesabu mara mbili.

Jumapili nilisimama tena mbele ya kanisa, safari hii bila kitenge. Nikautengua ushuhuda wangu wote, kutoka Yeriko mpaka mwisho, nikamtaja Mama Nsimire na macho yake mazima. Mchungaji, mtu mwema, akauliza kama nimewaletea lile jiliwa jipya walibariki. Kutoka benchi la nyuma Mzee Nyandwi akasema, "Ngojeni miezi sita." Kanisa likacheka, na Mama Nsimire alicheka kuliko wote. Tangu siku ile, mtu akileta kitu cha aksyo de grasi, lazima pawe na mtu nyuma atakayeuliza, "Karatasi?" Vijana wanauliza bila kujua ilianzia wapi. Sasa wewe unajua.

Basi, mwanangu, hili ndilo jibu la picha yako. Lile jiliwa ulilonionyesha ni zuri kwa meza ya kugongea. Langu la buluu bado ninalo, limefungwa kwenye benchi, nalitumia kunyoosha vyuma kwa nyundo, na kwa kazi hiyo halijawahi kunikosea. Hakuna chuma kibaya, kuna chuma kilichopewa kazi isiyo yake. Kwa mashine yako ndogo tafuta jiliwa fupi kwenda juu, maana kila kidole jiliwa linachokula, umekinyima kisu chako. Kitako kinachozunguka ni raha ya macho. Kikatae, au kama kinafunguka, kifungue ukiache nyumbani. Pima bamba lako kabla hujatoka, ujue upana wake na ile mifereji ya kupitisha bolti, jiliwa lisije likaning'inia nje kama mgeni aliyekosa kitanda. Zito siyo imara. Rangi siyo chuma. Lililozeeka mikononi mwa fundi mara nyingi lina heri kuliko jipya lililozaliwa kwa haraka, lakini hata hilo usiliamini kwa uso wake. Na usimalize pesa zote kwenye jiliwa, ubakize za bolti zake, la sivyo utalikaza kwa maombi.

Beba karatasi nne. Zitoe mbele ya watu. Wakisema unavuta sigara, waache waseme.

Na likikudanganya, maana hata aliyepima hukosea, nenda ukaseme siku ile ile. Usingoje ya pili. Kosa la chuma huchongwa upya, chuma kipo kingi. Lakini mtu akishaanza kujiona mzee kwa sababu yako, hujui utamrudishia nini. Na kabla hujamshukuru Mungu mbele ya watu, mpe kwanza nafasi ya kukuonyesha alichokupa.

Mzee Nyandwi tumemzika hapa hapa Dzaleka. Watoto wake walinipa kijitabu chake cha mwisho cha karatasi; zimebaki kumi na moja. Nimezihesabu. Nne ninazifunga ndani ya barua hii, zako. Mama Nsimire alipata safari ya wakimbizi wanaohamishiwa ng'ambo, yuko mbali kwenye baridi, na siku nyingine ananitumia sauti kwenye simu, nyuma yake nasikia cherehani. Anauliza swali moja kila mara: je, miwani imeanza kunifaa? Nimekuwa nikimjibu hapana. Mwaka huu nimeacha kumdanganya. Ninayaandika haya nimeivaa.

Mungu akupe taya linaloshika sawa pembe zote nne. Akupe mkono wa kupima kabla ya kushangilia, na miguu ya kukimbilia ukweli ukiwa bado mchanga. Wanaokutegemea wasizeeke kabla ya siku zao. Nenda Mtandire kwa amani, mwanangu, na ukikuta mtu anauza dogo, jeusi na ghali, msalimie sana.